Dawa Isiyokuwa Dukani Kwangu

Duka langu la dawa muhimu liko juu ya Matombo, pale barabara ya gari inapoishia na kubaki njia ya pikipiki. Ni chumba kimoja tu. Kuna kaunta ya mninga aliyonichongea marehemu mume wangu, rafu tatu, kabati la kufuli, na cheti changu cha mtoa dawa nilichokitia kwenye fremu ili mtu asije akaniuliza nimesomea wapi. Asubuhi watu wanateremka na ndizi na mdalasini kwenda gulioni. Jioni wanapanda, na wakipanda wanapita kwangu. Nina dawa za minyoo, za malaria, za kikohozi, matone ya macho, chumvichumvi za kuharisha, plasta. Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba hakuna mtu aliyewahi kuondoka kwangu mikono mitupu.

Ulikuwa uongo. Yupo mmoja aliyeondoka mikono mitupu, na yeye na mimi tulinyonya ziwa moja.

Mdogo wangu nimemzidi miaka kumi na miwili. Nilimbeba mgongoni mpaka nikapata alama ya kanga begani, na alipoanza kusema, mimi ndiye niliyemfundisha kuamkia wakubwa. Alipomaliza shule alikwenda Dar kwenye kazi za ujenzi. Alirudi amekonda, ana usingizi wa ajabu wa kulala amesimama, na hakai siku mbili bila kutafuta sababu ya kwenda mjini. Mimi mwenye cheti ukutani nilidhani ni malaria sugu. Nikampa dozi. Mganga hajigangi, wanasema, na mimi naongeza kwamba hata wa nyumbani mwake hawaoni. Ilikuwa heroini. Unga, kama wanavyoita wenyewe.

Siku moja aliiteremsha paneli ya sola kutoka kwenye paa la mama yetu akaenda nayo mjini. Ilikuwa ndiyo taa ya mama na ndiyo redio yake. Kesho yake asubuhi akaja dukani, akasimama mbele ya kaunta akitetemeka, akasema, "Shikamoo dada."

Sikuitikia.

Asiyezijua desturi zetu ataona ni jambo dogo. Lakini hata mlevi aliyelala mtaroni akikuamkia, unamwitikia, kisha ndiyo unamsema. Kuitikia hakumaanishi umesamehe. Kunamaanisha tu kwamba umemwona mtu. Mimi niligeuka nikaanza kupanga maboksi ya dawa za minyoo yaliyokuwa yamepangika tayari, nikayapanga mpaka niliposikia hatua zake zinateremka. Sijivunii. Nina hasira za haraka na kumbukumbu ndefu, na vitu hivyo viwili havifai kukaa kwa mtu mmoja.

Tangu siku hiyo hakuniamkia tena. Tulipokutana alisema "Habari dada," kama mteja.

Alikaa karibu mwaka mzima akizurura mjini, karibu na stendi ya Msamvu, na mama alikuwa akiniuliza kila Jumapili kama nimesikia lolote. Kisha watu fulani wa kujitolea wakamkuta, wakamshawishi, wakampeleka kwenye kliniki ya methadoni mjini. Methadoni ni dawa ya maji. Haimleweshi mtu akiinywa kwa kipimo chake. Inamzuia tu asipatwe na alosto, yaani ule ugonjwa wa kukosa unga, wa mafua na miayo na tumbo na mifupa kuuma, mpaka apate nafasi ya kuishi kama binadamu wengine. Lakini sharti lake ni zito. Inanywewa kila siku, mbele ya nesi, kwenye kliniki ileile. Hakuna cha Jumapili wala Krismasi wala Idi, wala cha mvua kukata barabara.

Kutoka kwetu mpaka mjini, kiangazi, ukiondoka alfajiri unafika jua limeshapanda. Masika unaweza usifike kabisa. Kwa hiyo mdogo wangu alipanga chumba mjini, akapata kibarua cha kuosha magari, na kila asubuhi akanywa dawa yake. Akapona, kwa kiasi mtu anavyopona ugonjwa ule. Akanenepa. Ila hakuweza kuja nyumbani kulala hata siku moja. Alikuja mara mbili tatu kwa pikipiki, akakaa na mama saa moja, akaangalia jua, akaondoka.

Mama miguu yake ilikuwa imekwisha. Hakuweza kuteremka mlima, na mwanawe hakuweza kukaa juu. Alikuwa akija dukani kwangu polepole na fimbo, anakaa mlangoni kwenye kigoda, anachukua chupa yake ya dawa ya kifua na kuigugumia hivihivi. Mimi namgombeza kila siku: "Mama, kijiko! Unataka kunifungishia duka?" Naye anajibu, "Kifua changu hakijui kijiko." Siku moja alizitazama rafu zangu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Dawa zote hizi zimepanda mlima zikafika kwako. Hiyo ya mwanangu ina miguu mibovu kama mimi?"

Nilicheka. Nikamweleza kwamba ni dawa ya hatari, inasimamiwa na serikali, duka kama langu haliruhusiwi kuiuza. Yote hayo yalikuwa kweli.

Nilikwenda kliniki kumwona mara moja tu katika miaka mitatu, siku niliyoteremka kuchukua mzigo wa dukani. Nilimkuta kwenye foleni. Kulikuwa na kidirisha, na nyuma yake nesi wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Anamimina dawa kwenye kikombe, mtu anakunywa, anapewa maji, anakunywa. Kisha nesi anasema, "Haya, ongea." Nikashangaa. Mdogo wangu akanieleza: lazima mtu aseme neno, ijulikane amemeza, maana wapo wanaoificha mdomoni wakaiteme nje na kuiuza. Zamu yake ilipofika alikunywa, akasema, "Nimemeza, sista," akapisha.

Akanipeleka chumbani kwake. Godoro, ndoo, sahani moja, kikombe kimoja. Alinipa mimi kikombe cha chai, yeye akakaa kunitazama nikinywa ili nikimaliza naye anywe. Hakuwa na mengi ya kusema. Majirani, alisema, wanamjua kuwa ni teja, na wakipita na mabegi yao wanayahamishia mkono wa pili. Marafiki wa zamani yeye mwenyewe anawakwepa. Ninayaandika hapa maneno yake kama alivyoyasema: "Dada, kuna siku nafika jioni nagundua neno nililosema tangu asubuhi ni hilo moja tu. Nimemeza sista. Basi."

Nilimaliza chai nikaondoka nisije nikakosa gari.

Lakini nilipopita tena kwenye geti la kliniki, ambako nilikuwa nimeacha mzigo wangu kwa mlinzi, yule nesi aliniita. Alikuwa ameambiwa mimi ni dada yake na nina duka la dawa. Akanikalisha kwenye benchi akanieleza jambo kwa utaratibu. Wagonjwa waliotulia kama mdogo wangu wangeweza kupewa chupa za kwenda nazo nyumbani, za siku sita, iwapo yupo mtu wa kuaminika wa kuzitunza chini ya kufuli na kumnywesha moja kila siku mbele ya macho yake, na kutia sahihi. Siku ya saba mgonjwa anateremka kliniki mwenyewe. "Si kuuza, dada. Ni kutunza. Tunahangaika na wagonjwa wa vijijini, wanaacha dawa kwa sababu ya umbali. Wewe umesomea, una kabati. Ukikubali, tutaandika barua, tutapita kwa mfamasia wa wilaya, duka lako litakaguliwa. Mdogo wako atarudi kwa mama yake."

Nikasema duka langu ni dogo. Nikasema njia ni mbaya. Nikasema kabati langu halina kufuli.

Lilikuwa na kufuli. Wateja wangu wa Jumapili baada ya misa ndio niliokuwa nikiwaona mbele ya macho yangu: mke wa katekista, walimu, mama wa ndizi. Niliwaona wakimkuta mdogo wangu kwenye kaunta anakunywa dawa ya mateja, na wao wameshika watoto. Tena nilikuwa bado na ile paneli moyoni. Nesi alinitazama juu ya miwani yake akasema, "Haya dada, ukibadili mawazo tupo." Sikumwambia mama. Mdogo wangu sikumwambia pia, ingawa nadhani alijua.

Mama alifariki mwanzoni mwa mvua, mchana, kwenye kigoda chake, na mimi nipo ndani namtafutia mtu matone ya macho.

Alizikwa Ijumaa. Mdogo wangu alikuwa ameteremshiwa habari, akaenda kulia kidirishani, na kliniki ikamkubalia kwa ajili ya msiba: chupa tatu, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu arudi. Ya Ijumaa alikunywa asubuhi kwenye migomba nyuma ya nyumba, peke yake. Mbili zilizobaki zilikuwa kwenye begi dogo jeusi, na begi hilo hakuliweka chini. Alibeba nalo kuni, akasalimia nalo wajomba, akaenda nalo makaburini.

Kwetu Waluguru kila ukoo una watani wake. Msiba ukitokea watani ndio wanaochimba kaburi na ndio wenye ruhusa ya kucheka. Wanateka vitu vya wafiwa, wanadai fidia, wanamwigiza marehemu mpaka wenye msiba wanacheka na machozi yakiwa hayajakauka. Humkasirikii mtani. Ukikasirika unaongezewa faini. Na mkuu wa watani wetu ni bibi mmoja wa ng'ambo ya bonde, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu kilima cha pili.

Tulipotoka kuzika alimvamia mdogo wangu kwa nyuma akampokonya begi. "Tangu jana amelikumbatia kama mwali! Humo mna nini, urithi? Marehemu hakukuachia hata mwiko, nilimjua mimi, alikuwa mchoyo!" Watu wakacheka. "Begi nimeliteka! Mtalikomboa kwa jogoo Jumapili, siku ya kuanua tanga, na awe mnene!"

Mdogo wangu hakucheka. Hakumfuata pia. Aligeuka akanitafuta kwenye kundi la wanawake mpaka macho yetu yakakutana.

Ukimwacha yeye mwenyewe, mtu mmoja tu pale alijua kilichomo kwenye begi, naye ni mimi. Neno moja lingetosha. Ningeweza hata kumvuta yule bibi pembeni nikamnong'oneza. Lakini kumnong'oneza mtani siri yako ni sawa na kuitangaza kanisani. Nikajiambia Jumapili si mbali, jogoo tunaye, mambo yatakwisha kimya kimya. Nikainamisha macho. Nikaenda kuosha sufuria.

Jumamosi ilipita akiwa amekaa tu. Jioni alianza miayo. Jumapili asubuhi nilimkuta chini ya paa la jiko amejifunika blanketi, pua zinamtiririka, vipele vya baridi vimemsimama mikononi na jua likiwa linawaka. Wanawake wakawa wananiambia, "Pole jamani, mdogo wako kifo cha mama kimemwingia." Mmoja alimpelekea uji. Akautapika. Nikampitia na jagi la maji nikamwuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kuvumilia mpaka mchana. Akasema, "Nimezoea kusubiri, dada." Alilisema bila ubaya wowote, na ndiyo maana liliniuma.

Kisha watani wakaingia.

Bibi alikuwa amevaa gauni la mama, lile la maua ya bluu, na kilemba chake, na ameshika fimbo yake. Alitembea mwendo wake. Sijui aliupata wapi kwa usahihi ule: mguu wa kushoto unaburuzwa, mkono kiunoni, na kile kiguno kidogo kila baada ya hatua tatu. Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko, nami nikacheka. Akakaa kwenye kigoda cha mama. Akakohoa kikohozi cha mama. Akasema kwa sauti ya mama, "Iko wapi dawa yangu ya kifua?" Akaingiza mkono ndani ya begi jeusi akatoa chupa.

Maji yake ni mekundu kidogo. Mtu anayeyaona atadhani ni juisi, au dawa ya kikohozi.

"Usinywe!" nilipiga kelele.

"Mnamwona!" bibi akawageukia watu. "Mpaka kaburini binti huyu ananinyima dawa! Atasema kijiko kiko wapi!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Nikapiga kelele tena, wakacheka zaidi. Maana nilikuwa naigiza vizuri mno. Kila nilichokisema ndicho nilichokuwa nikimwambia mama miaka yote, na wote walikuwa wamekisikia. Bibi akafungua kifuniko. Nikaruka mikeka, nikakanyaga mkono wa mtu, nikamshika kiganja kwa nguvu nisizokuwa nazo, mpaka dawa ikamwagika kidogo kwenye maua ya bluu ya gauni la mama. Hapo ndipo kicheko kilipoanza kupungua, sehemu moja baada ya nyingine.

"Hii si dawa ya kifua," nikasema. "Ni methadoni. Ni ya mdogo wangu, anakunywa kila siku kwa sababu alikuwa anatumia unga. Yeye inamponya. Wewe hujaizoea, ukiinywa utalala, na hutaamka. Nimejua tangu Ijumaa kwamba iko kwako. Nikanyamaza."

Nilidhani nitakufa kwa aibu. Sikufa. Kulikuwa na kuku wanaparua nyuma ya jiko na mtoto mmoja analia, basi.

Mjomba wetu, mkuu wa ukoo, alisema, "Tangu Ijumaa?"

"Tangu Ijumaa, mjomba."

"Na kule kwake kuna watoto wangapi?"

Bibi mwenyewe ndiye aliyejibu, kwa sauti yake halisi sasa. "Saba," akasema. "Begi nililitundika juu darini, kwenye moshi. Hawafiki." Akakirudisha kifuniko, akakikaza mara mbili. Akavua kilemba cha mama akakiweka magotini. "Mtani nateka vitu vya mzima. Mgonjwa simtanii. Mbona hamkusema?"

Nilichukua simu nikapanda mpaka kwenye jiwe tunapopatia mtandao, nikampigia yule nesi. Aliniuliza amekosa siku ngapi, yuko hali gani, kilichomwagika ni kiasi gani. Akasema amekosa siku moja tu, kwa hiyo apewe ile chupa ambayo haijafunguliwa anywe kipimo chake, na iliyomwagika niirudishe kama ilivyo. Kisha akasema, "Anywe mbele yako, dada." Hakuongeza neno la kunilaumu.

Mdogo wangu alikunywa pale uwanjani, mbele ya wajomba na watani na mke wa katekista, amekaa kwenye mkeka na blanketi lake. Nikampa maji. Nikasimama kama mjinga na chupa tupu mkononi. Akanitazama akasema polepole, "Unatakiwa uniambie niongee."

"Haya, ongea."

"Nimemeza," akasema. Hakutaja dada. Akajilaza ubavu, na wanawake wakasogea kumpisha kivuli.

Jumatatu alfajiri alirudi mjini. Nikabaki na nyumba ya mama, kigoda, na duka. Watu walikuja kama kawaida. Wengine walinunua panadoli mbili wakakaa nusu saa wakinichungulia. Mke wa katekista alikuja akaniuliza moja kwa moja kama dawa ile inapatikana, maana ana mtoto wa kaka yake yuko Turiani, na mama yake amechoka kumfungia mlango. Nilimwambia haipatikani kwangu. Alisema, "Basi ipatikane," akaondoka. Mwanamke niliyemwogopa miaka mitatu!

Wiki ya pili bibi mtani alipanda mlima peke yake na jogoo kwapani. Ni jogoo yuleyule tuliyekombolea begi kwake, kwa maana mjomba alisisitiza desturi itimizwe. Akamweka juu ya kaunta yangu ya mninga, juu ya daftari la wateja.

"Kuku wa mgonjwa siwezi kumla," akasema. "Amenikaa hapa." Akagusa koo. Kisha akazitazama rafu zangu, moja moja, kama alivyofanya mama. Alikuwa haigizi. "Duka zima la dawa," akasema, "na ya aibu hukuwa nayo."

Nikamshika jogoo asiangushe maboksi.

Kesho yake nilifunga duka nikateremka. Nesi alikuwa kidirishani. Nilisubiri foleni iishe, watu wote wanywe, wote waongee, nikaenda nikamwambia kabati langu lina kufuli. Akasema, "Najua, dada. Duka lolote lenye cheti lina kufuli." Akavua miwani akaifuta. "Tuanze kuandika."

Tuliandika. Sikujua kwamba barua huchoka njiani kuliko watu. Moja ilikwenda kwa mganga mfawidhi wa kituo chetu cha afya, moja kwa mfamasia wa wilaya, moja ikarudi kwa sababu ya muhuri. Wakaguzi walikuja, pikipiki yao ikakwama kwenye tope, wakaahirisha. Wakaja tena. Wakataka kabati la chuma lenye kufuli mbili, lililofungwa ukutani. Fundi akalifunga mahali ambapo zamani nilikuwa nimetundika kalenda. Nikapelekwa mjini kufundishwa siku tatu: namna ya kutazama macho ya mgonjwa, pumzi, usingizi usio wa kawaida, na dawa ya kumwamsha mtu aliyezidisha. Nilikuwa mwanafunzi mzee kuliko wote. Mvua zile zote nilikula peke yangu, nimekaa mlangoni, na sikuwahi kukikalia kile kigoda.

Mwezi mmoja katikati hapo mdogo wangu hakupokea simu siku nne. Sikumpigia nesi kuuliza, kwa sababu niliogopa jibu. Siku ya tano alinipigia mwenyewe akasema simu ilizama kwenye ndoo ya kuoshea magari. Nilimfokea vibaya sana. Akanisikiliza mpaka mwisho, na nadhani alifurahi.

Kibali kilipotoka, mdogo wangu alirudi na begi lilelile jeusi, chupa sita ndani yake. Nilizipokea kwenye kaunta, nikasaini, nikazifungia, ufunguo mmoja nikautia shingoni. Akalala nyumbani kwa mama. Kulipokucha alikuwa mlangoni kwangu kabla sijafungua, amesimama na umande kwenye viatu. Alikuwapo pia mama mmoja kijana aliyekuja kutafuta dawa ya minyoo ya mwanawe. Moyo uliniambia nimhudumie kwanza huyo mama aende zake. Nikaukatalia.

Nikafungua kufuli ya kwanza na ya pili. Nikasoma jina kwenye chupa, ingawa jina lile nililichagua mimi mwenyewe, nikiwa na miaka kumi na miwili, mama aliponiuliza tumwite nani. Nikamimina. Akanywa. Nikampa maji, akanywa.

"Haya, ongea," nikasema.

Hakusema amemeza. Alishusha kikombe kwenye kaunta, akaunganisha mikono kama nilivyomfundisha akiwa na meno mawili.

"Shikamoo dada."

Yule mama kijana alikuwa anatutazama. Miaka minne ilikuwa imepita. Nikashika ukingo wa kaunta, na ilinichukua muda ambao kwa mtu mwingine ungekuwa utovu wa adabu.

"Marahaba," nikasema.

Kisha nikamwambia aongee tena, eti sikusikia vizuri. Nilikuwa nimesikia.